Kanda ya Kwetu

Kila asubuhi nachemsha yai moja. Nalimenya lingali linaunguza vidole, nalikata katikati kwa uzi, nusu nakula palepale nimesimama, nusu naifunga kwenye karatasi ya kwenda nayo kazini. Kabla ya kula nachovya ncha ya kidole kwenye pakiti ya chumvi na kuigusisha kwenye kiini. Sisikii ladha. Ulimi wangu umekufa ganzi, sikumbuki tangu lini, ila chumvi naitia, kwa sababu mama alinifundisha kwamba yai haliliwi bila chumvi, na hilo ni katika mambo machache niliyofundishwa ambayo bado nayafanya.

Asubuhi ile kidole kilikuwa ndani ya pakiti nilipoona maandishi mapya ubavuni mwake. Siku zote yalisomeka: Maalumu kwa Kwingineko. Sasa yalisomeka: Maalumu kwa Kanda ya Kwetu. Hairuhusiwi kuuzwa Kwingineko.

Nilisoma tena. Herufi K ya neno Kwetu ilikuwa na mguu mrefu, unaoburuta chini ya herufi zinazofuata kama mtu anayechechemea. Mwalimu wangu wa chuo aliukemea mguu huo miaka miwili mizima na hakufanikiwa kuukata. Ilikuwa K yangu. Mtambo ulikuwa umeuchapa mwandiko wangu kwa wino mwekundu, kwenye pakiti sijui ngapi, na mojawapo ilikuwa imenifikia mezani.

Yai lilipoa mkononi. Nikala nusu yangu hivyohivyo, kwa sababu sikujua mtu afanye nini kingine na yai.

*

Nafanya kazi kwenye Chumba cha Ramani. Kampuni inauza chumvi, na ili iiuze imeigawa dunia. Sijui nani aliigawa mara ya kwanza. Nilipoajiriwa niliikuta imeshagawanyika, kama mtoto anavyozaliwa akaikuta nyumba ina milango. Kuna Kanda ya Kwanza, ya Pili, mpaka ya Sita, kila moja na rangi yake, meneja wake, malori yake na pakiti yake. Halafu kuna Kwingineko. Kwingineko ni mahali pote palipobaki baada ya watu kuchoka kugawa. Rangi yake ni kijivu. Chumvi ni ileile, inachotwa kwenye lundo moja kwa koleo lilelile, nimeliona kwa macho yangu. Ila ya Kanda ya Kwanza hupepetwa mpaka ikawa kama unga, na Kwingineko hupelekewa ile iliyofagiwa sakafuni, mara mbili kwa mwaka, barabara zikikauka. Hakuna anayesema ni ubaya. Hakuna anayesema ni wema. Inasemwa kwamba ndivyo kanda zilivyo.

Ramani imetandazwa chini, na ukubwa wake ni wa uwanja wa mpira. Sisi wapaka rangi tunatembea juu yake kwa soksi ili tusiichafue. Nimewahi kusimama juu ya watu milioni nane nikitafuta brashi iliyonidondoka. Sikuhisi chochote chini ya nyayo isipokuwa baridi ya saruji. Mimi napaka kijivu, kwa hiyo kazini naitwa Kijivu. Mwenzangu anayepaka Kanda ya Tatu anaitwa Njano, ingawa jina alilopewa na wazazi wake ni Shomvi. Mimi namwita Shomvi, lakini moyoni.

Kuna jambo huwa nalifikiria nikiwa nimepiga magoti. Mstari wa kutenga kanda na kanda huchorwa kwa brashi yenye upana wa ukucha. Ukiupeleka ukucha huo ardhini, kwa kipimo cha ramani yetu, unakuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Maana yake ni kwamba chini ya mstari wenyewe wamo watu. Kuna shamba la mihogo limefunikwa na wino. Kuna mtu ametoka kuchota maji, na tangu anatoka kisimani mpaka anafika mlangoni kwake hajawa upande wowote. Huyo tumwandikie wapi? Anapoumwa, anaumwa katika kanda gani? Siku yangu ya kwanza nilimwuliza Bi Masika, msimamizi wetu, na ndiyo mara pekee niliyomwuliza kitu.

"Mstari hauna ndani, mwanangu," alisema, bila ukali. "Una huku na una kule. Paka."

Nikapaka.

Sheria za chumba ni chache, na kubwa ni hii: kilichoandikwa juu ya ramani hufutwa na mkono ulioandika, si mwingine. Kila mmoja wetu ana kifutio chake, kimefungwa kwa uzi shingoni. Kitu kilichoandikwa kisipopata mwenyewe hakifutwi. Hukatwa kwa wembe, karatasi na yote yaliyo juu yake. Mahali pale panabaki tundu, na ukichungulia unaona saruji. Nimeyaona matundu manne tangu nianze kazi. Sijui ni wapi, kwa sababu majina yalitoka pamoja na karatasi. Malori hayaendi huko, simu haziungwi, tiketi hazikatwi. Waliokuwapo walikwenda wapi, siwezi kusema. Naweza kusema tu kwamba chumbani hakuna aliyeuliza, nami nilikuwemo chumbani.

*

Siku moja nilikuwa napaka karibu na mpaka wa Kanda ya Tatu. Ilikuwa jana, au mwaka juzi. Chumba hakina dirisha. Nikakiona kilima kidogo kama punje ya mtama. Ndipo anapoishi mama.

Sijamwona mama kwa muda ambao naona haya kuutaja. Kila nikienda kukata tiketi karani huniuliza naenda wapi, nami husema Kwingineko, kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye orodha, naye husema Kwingineko wapi, dada, Kwingineko si mahali. Nyuma yangu watu huwa wamepanga foleni. Sauti yangu hufika kooni ikakaa. Hutoka kwenye foleni nikasema moyoni, mwezi ujao.

Nikiwa nimekitazama kilima, nikaiona brashi ya Shomvi inakuja. Alikuwa anauchora upya mpaka, anarudi kinyumenyume kama kawaida yake huku akipiga mluzi, na mstari wake ulikuwa unaelekea moja kwa moja juu ya punje ya mtama. Nilitaka kusema, "Shomvi, pinda kidogo." Sikusema. Nilichukua penseli na kuandika pembeni ya kilima, kwa herufi ndogo: Kwetu.

Ilikuwa alama tu, kama mtu anavyoweka jiwe juu ya kanga aliyoianika ili upepo usiichukue. Nilijua Shomvi akiona neno atakwepa, kwa sababu ni mtu wa kukwepa, hata sisimizi akimwona juu ya ramani humzunguka. Na kweli alikwepa. Mstari ukapita kushoto mwa kilima. Kisha akaona amekosea, akarudi akaupitisha kulia, na mistari miwili ikakutana mbele. Ndani ya duara lile likabaki neno langu.

Jioni wachapaji walikuja. Wachapaji hawaulizi. Penye duara na neno, hiyo ni kanda.

*

Nilifika kazini na pakiti ndani ya mkoba. Mlangoni palikuwa pamebandikwa waraka ambao wino wake ulikuwa umeshapauka, kingo zimejikunja, kana kwamba ulikuwa pale tangu jengo lilipojengwa. Ulisema: Ni marufuku kwa mtumishi yeyote kutumia neno Kwetu isipokuwa anapozungumzia Kanda. Mtumishi anayekwenda anapoishi aseme "ninapolala".

Shomvi alikuwa ameketi juu ya bahari, anavaa soksi.

"Umechelewa, Kijivu. Yai lilikukwama?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi jana nimemwambia mke wangu, mama watoto, Jumapili tuwaalike wazazi wako waje ninapolala. Hajasema na mimi mpaka sasa. Nimemwambia ni waraka. Akaniambia basi waraka ukupikie."

Alicheka peke yake. Niliangalia kule kilipo kilima, nikashindwa kuendelea kuangalia. Duara lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, tabaka juu ya tabaka, tabaka za chini zimeshaanza kupasuka kwa uzee. Asubuhi ileile nilikuwa nimeona pakiti ya kwanza, na hapa kulikuwa na rangi ya miaka mingi. Nilijaribu kushangaa. Mshangao ulifika mahali ambapo sauti yangu hufika, ukakaa hapohapo.

"Leo wanakifunga kile kidonda," alisema Shomvi, akionyesha duara kwa kidevu. "Saa sita mchana. Meneja wake mwenyewe yupo hapa, anazunguka tangu alfajiri, anamwuliza kila mtu swali moja. Mwone, maskini. Anakuja."

Aliyekuja alikuwa mwanamume mwembamba, mvi zimemjaa, soksi zake za kuazima zimemzidi. Alisimama mbele yetu akavuta pumzi kama mtu anayetaka kukariri.

"Mimi ni Kagoma. Meneja wa Kwetu."

"Kwenu wapi, Bwana Meneja?" Shomvi aliuliza, uso mkavu.

"Si kwetu mimi. Kwetu."

"Ndiyo, kwenu. Ndipo nauliza, wapi?"

"Ningekuwa najua ningekuja kutembea na soksi za watu?"

Shomvi aliinama kukoroga rangi yake, mabega yanamtikisika. Mimi nilimwonea huruma Bwana Kagoma, na kwa sababu sikuwa na la kusema nilifungua karatasi nikampa nusu ya yai. Alilitazama kwa muda. Akaketi palepale, akala taratibu.

"Umezidisha chumvi, binti," alisema. "Lakini ahsante."

Sikujua kama nilizidisha. Nisingeweza kujua.

Kisha akaeleza, akiitazama sakafu. Ameiongoza Kwetu kwa miaka kumi na mmoja na hajawahi kufika. Mwaka wa kwanza Kwetu iliagiza pakiti chache. Baadaye Kampuni ikaleta fomu mpya za oda, na kwenye fomu kukawa na swali: Mzigo upelekwe wapi? Watu wakajaza. Mama lishe wa Kanda ya Pili akajaza: kwetu. Mwenye duka wa Kanda ya Tano: kwetu, karibu na msikiti. Watu wa Kanda ya Kwanza kabisa, wanaokula chumvi ya kupepetwa: leteni kwetu mapema, wageni wanafika Ijumaa. Dunia nzima ilijaza kwetu. Na karani, ambaye kazi yake si kufikiri, akawa anazipeleka fomu zote Kwetu.

"Mameneja wa kanda sita wamebaki na maofisi matupu," alisema Bwana Kagoma. "Wanasema nawaibia wateja. Mimi! Nimewaita madereva, nikawauliza, mnakwenda wapi na malori yote hayo? Wananiambia, Kwetu. Nikawauliza, pakoje? Mmoja akasema kuna kilima. Mwingine akasema kuna bibi mmoja anatoa chai. Basi. Ndicho ninachokijua kuhusu kanda yangu."

"Ukishaifunga je?" Shomvi aliuliza, safari hii bila mzaha. "Hao wa kilimani warudishwe Kwingineko?"

"Kwingineko wamekataa kuwapokea. Wanasema wamejaa." Alijifuta vidole kwenye karatasi. "Kama mwandishi wa neno lile hajulikani, ni wembe."

Halafu akatuuliza lile swali lake. "Ninyi hamjui ni nani aliyeandika?"

Shomvi alinitazama. Sijui alinitazama kwa sababu anajua, au kwa sababu nilikuwa mbele yake. Mimi niliitazama brashi yangu. Rangi ya kijivu ilikuwa imekauka kwenye kucha zangu, kwenye mikunjo ya vidole, na nikaona imeshapanda mpaka kifundo cha mkono.

*

Kimya ni nini? Nilidhani ni kutokusema. Lakini mtu anayekaa kimya chumbani amesema tayari, kwa niaba ya wembe. Niliifikiria sentensi hiyo huku naloweka brashi. Ilikuwa sentensi nzuri. Ilinipita kama maji yanavyopita juu ya mfuko wa nailoni.

Nikasema moyoni: ukisema, watakwambia ufute, na ukifuta umemfuta mama kwa mkono wako. Usiposema, watakata, na mkono hautakuwa wako. Nikauliza moyoni: na mama atajua tofauti?

Napaka. Nachovya. Napaka.

Nani aliniambia mstari hauna ndani?

*

Simu ya ukumbini ililia, na mtu wa simu akaita, "Kijivu! Kuna mtu wako, Kanda ya Kwetu!"

Nilivua soksi, nikavaa viatu, nikavaa kimoja kinyume. Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Haloo! Haloo! Nani huyo anapumua tu?"

"Shikamoo, mama."

"Nani?"

"Ni mimi. Zawena."

Nilikuwa sijalitamka jina hilo kwa siku nyingi. Lilitoka limekauka, kama nguo iliyokaa kwenye sanduku.

"Zawena! Marahaba, mwanangu. Sema kwa sauti, malori yananguruma hapa, sisikii hata kuku wangu."

"Umepata wapi simu, mama?"

"Si wameniletea! Wamenibandikia ukutani, karibu na kinu. Mtu wa simu kaniuliza, bibi, uko kanda gani? Nikamwambia niko kwetu, niko wapi kwingine? Akasema vizuri, nakuunganisha. Kijana wa watu mstaarabu kweli."

Nilifumba macho. Nilikuwa namwona amesimama, kichwa amekiinamisha upande wa sikio zuri.

"Barabara tumepata," aliendelea, "na kibao wamekiweka pale njia panda, kimeandikwa kwa mwandiko kama wako wa shuleni, ule wa kuchechemea. Nikasema huyu lazima ni mwanangu, kawaambia watu kwamba tupo. Lakini chumvi, Zawena! Ya nini yote hii? Malori yamepanga mpaka kwa akina Mzee Pazi. Madereva wanasema wameambiwa walete kwetu, nikawaambia mmefika, shusheni. Nimewapikia chai mpaka majani yamekwisha."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Nyumba imechangamka. Ila sikiliza. Asubuhi hii wamekuja wanaume wawili na utepe, wamenipima mzunguko wa nyumba yote, mpaka choo. Nikawauliza mnapima nini, wananiambia saa sita wanakata. Wanakata nini? Wewe si ndiye unayefanya kazi huko?"

Nilifungua mdomo.

"Zawena?"

"Nitakuja, mama."

"Hilo ulilisema mahindi ya mwaka juzi yakiwa na ndevu. Nimeshavuna, nimeshapanda, nimevuna tena. Mimi sikulaumu, kazi ni kazi. Ila una kitu unataka kuniambia, tangu utoto wako nakujua, ukiwa na jambo unapumua hivyo hivyo. Liseme, mwanangu. Simu si ya kushika tu."

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limesimama kooni na viatu vyake. Mtu wa simu akaingilia kati, akasema kwa adabu kwamba muda wa Kwetu unakaribia kwisha, na laini ikawa na sauti ya upepo tu.

*

Saa sita kasorobo wapaka rangi wote tuliitwa. Tulisimama tumezunguka duara jekundu, soksi ishirini na kitu zimepakana nalo. Mameneja wa kanda sita walikuwa wameletewa viti, viti vimewekwa juu ya bahari ili visikandamize wateja. Sura zao zilifanana. Niliwahesabu mara mbili, na mara ya pili walikuwa watano, kisha sita tena.

Bi Masika alipiga magoti. Wembe ulikuwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe, na aliufunua taratibu kama mtu anayefunua chakula cha mgonjwa. Alikuwa ameshakata mara nne. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba mkono wake wa kulia una ganzi. Aliusugua kwanza kwa mkono wa kushoto ndipo ukashika.

"Kwa utaratibu," alisema, "nauliza mara tatu. Neno hili lina mwenyewe?"

Tuliangalia soksi zetu.

"Lina mwenyewe?"

Bwana Kagoma alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Macho yake hayakuwa ya mtu anayetafuta mkosaji. Yalikuwa ya mtu aliyekaa kwenye ngazi ya nyumba miaka kumi na mmoja akisubiri aambiwe ni nyumba ya nani. Nikawaza kwamba na yeye ana mahali alipozaliwa, na waraka umemkataza kupataja, na ameutii vizuri kuliko sisi sote mpaka ameshakuwa hana pa kupakumbuka. Wote tulikuwa hivyo. Njano, Buluu, Zambarau, Kijivu. Tulikuwa tumesimama juu ya dunia na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pa kusema anarudi.

Pembeni mwa wembe nilikiona kilima. Punje ya mtama. Nilijaribu kuona kinu, simu ukutani, vikombe vya chai vya madereva. Kwa kipimo chetu havionekani. Kwa kipimo chetu mama ni mdogo kuliko unyoya mmoja wa brashi.

"Mara ya tatu. Lina mwenyewe?"

"Lina," nilisema.

Hakuna aliyegeuka. Shomvi peke yake, aliyekuwa karibu nami, aliacha kupumua.

Bi Masika aliweka ncha ya wembe juu ya karatasi. Ilitoa sauti ndogo, kama ukucha juu ya mkeka.

"Lina mwenyewe," nilisema tena.

"Nani anasema?" Bi Masika aliinua kichwa. "Kijivu? Sema kwa sauti, mwanangu. Wakubwa hawasikii."

Lilikuwa neno la mama, kwenye kinywa kingine. Nilivua soksi. Sijui kwa nini nilianza na hilo. Saruji ilikuwa baridi chini ya karatasi, na safari hii baridi ilipanda, ikapita kifundo, ikapita goti, nikaihisi yote.

"Niliandika mimi," nilisema.

Mameneja sita walishusha pumzi kwa pamoja. Mmoja alitabasamu, akatazama saa. Jambo lilikuwa limekuwa jepesi.

"Ahsante, binti," alisema. "Basi futa, twende tukale."

Bi Masika aliurudisha wembe kwenye kitambaa. Nadhani alikuwa amefurahi. Watu walinipisha. Nikaingia ndani ya duara, miguu mitupu juu ya rangi nyekundu, nikachuchumaa. K yangu ilikuwepo bado chini ya tabaka zote, na mguu wake mrefu. Nilikishika kifutio kilichokuwa shingoni. Nilikivuta mpaka uzi ukakatika.

Kisha nikakitia mfukoni.

"Mbona hufuti?" aliuliza meneja aliyetabasamu.

"Sifuti."

"Nani amekuruhusu kutokufuta?"

"Sheria ya chumba," alisema Shomvi nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayeulizwa bei sokoni. "Mkono mwingine haugusi. Na wembe ni kwa kisicho na mwenyewe. Si ndivyo, Bi Masika?"

Bi Masika alikuwa anakunja kile kitambaa, kona kwa kona.

"Ndivyo," alisema.

Viti vilikwaruza juu ya bahari. Watu wawili walisema kwa pamoja, wa tatu akataka aletewe waraka. Katika kelele zile Bwana Kagoma alikuja mpaka ukingoni mwa duara, akasimama pale soksi zake kubwa zilipogusa wekundu, hakuingia. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayebisha hodi.

"Binti, ulipoandika vile, ulimaanisha nini?"

Nilisimama ili sauti ipate njia.

"Sikumaanisha kanda," nilisema, na nilisikia inavyogonga kuta na kurudi. "Naitwa Zawena. Hapa ni kwa mama yangu. Anaishi hapa, ndani ya mstari, na amewapikia madereva wenu chai mpaka majani yamekwisha. Nilimaanisha kwetu. Nataka kwenda kwetu."